Mistari Kumi na Miwili

Saa tatu asubuhi fundi wa jukwaa alikuwa ananing'inia kwenye ukingo wa roshani kama shati lililosahauliwa kwenye kamba, viatu vyake vikielea juu ya vichwa vya watu. Inspekta alimtazama kutoka chini, mkoba kwapani, bila haraka yoyote.

"Kilo tisini na mbili," fundi alisema kutoka huko juu. "Naweza kukaa hapa mpaka unywe chai."

"Chai nimekunywa. Shuka."

"Jana saa moja jioni nilining'inia hivi hivi, kabla milango haijafunguliwa. Kila siku ya onyesho naning'inia. Wananicheka, wananiita Popo. Wacha wacheke. Miaka thelathini na moja, hakuna mwigizaji aliyewahi kuanguka kutoka kwenye mbao zangu."

"Mpaka jana."

Popo alijivuta juu, akashuka ngazi ya nyuma, akaja kusimama mbele yake akijifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilihitaji kufutwa zaidi kuliko mikono.

Polisi walimwita Inspekta "Shangazi", na si polisi peke yao. Hata wezi waliokwisha kufungwa naye, wakimkuta barabarani, walimwamkia hivyo hivyo. Aliuliza maswali kama mashangazi wanavyouliza: kwa upole, kwa kurudiarudia, na huku anajua tayari ni nani aliyeramba sukari.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jana, mchezo ukiwa umenoga, mzee anayeigiza Mfalme alipanda roshani kama anavyopanda kila onyesho. Akaegemea ukingo, ukingo ukafunguka kama mlango, akaanguka mita tatu mbele ya watazamaji mia tatu. Waliokaa viti vya mbele walipiga makofi. Walidhani ndivyo mchezo ulivyo. Sasa mzee alikuwa hospitalini, nyonga imevunjika, macho hajafumbua. Ukingo ule hushikwa na pini mbili za chuma, kila moja nene kama kidole gumba. Moja ilikutwa mahali pake. Ya pili haikuwepo, na polisi waliitafuta ukumbi mzima wasiione. Alfajiri, picha zilipokwisha kupigwa, Popo aliurudisha ukingo kwa pini ya akiba.

Mkuu wa kituo alikwisha kuamua. Pini ni za fundi. Basi fundi ama alisahau ama alikusudia, na saa sita mchana aletwe kituoni. Kamati ya ukumbi ilikwenda mbio kuliko hata mkuu wa kituo. Barua ya kumfukuza kazi ilikuwa imebandikwa mlangoni kabla hajaulizwa swali lolote.

"Tuna saa tatu," Popo alisema. "Uliza."

"Nani wa mwisho kuegemea ukingo kabla ya mzee?"

"Askari wawili wa mchezo. Mwisho wa sehemu ya kwanza wanapigana mieleka juu pale, wanajibwaga kwenye ukingo kama magunia. Ukashika."

"Halafu?"

"Taa zinazimwa, zinawaka. Waziri anabaki peke yake jukwaani na maneno yake marefu. Dakika sita. Anatoka, mzee anapanda."

"Kwa hiyo pini ilitolewa ndani ya dakika hizo sita."

"Ndiyo."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye kamba ya pazia, upande wa kulia."

"Nani alikuona?"

"Kamba."

Koplo, mtu mnene aliyekuja kuandika, aliandika "kamba". Akamtazama Shangazi, kisha akaifuta.

Shangazi alitembea jukwaani kutoka upande mmoja hadi mwingine akihesabu hatua. Mchezo waliokuwa wakiuonyesha alikuwa anaujua. Ni mchezo wa zamani wenye heshima yake. Waziri mtiifu anachochewa na mkewe amuue Mfalme aliyekuja kulala nyumbani kwao. Anamuua, anatwaa kiti, halafu hatia inawatafuna mke na mume mpaka hawawezi tena kula meza moja. Waliokuwa wakiigiza Waziri na mkewe walikuwa mke na mume wa kweli, wenye ndoa ya miaka kumi na saba. Watu waliowafahamu walisema ndiyo maana ile sehemu ya kutokula meza moja wanaiweza sana.

Hapo ukumbini hakuna aliyewaita kwa majina yao. Mume aliitwa Waziri hata akiwa ananunua mkate. Mke aliitwa Malkia.

*

Malkia alimpokea Shangazi katika chumba cha kuvalia, ameketi mbele ya kioo bila kujitazama. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mgongo umenyooka, sauti ya mtu aliyezoea kusikika bila kupaza.

"Wakati mumeo yuko jukwaani na yale maneno marefu, wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa. Upindo wa gauni ulifumuka. Mshonaji alikuwa ananishonea mwilini, nimesimama juu ya hicho kigoda."

"Kuna mtu aliingia?"

"Mume wangu."

Kalamu ya Koplo ilisimama.

"Aliingia kufanya nini?" Shangazi aliuliza.

"Kunywa maji. Ngoma ilikuwa inapigwa. Akanywa, akatoka."

"Mnaishije siku hizi, wewe na yeye?"

"Tunaishi."

"Chumba kimoja?"

"Shangazi, hilo nalo ni la polisi?"

"Hapana, mwanangu. Hilo ni la udaku wangu mwenyewe."

Malkia alitabasamu kidogo tu. "Chumba kimoja. Kitanda kimoja. Migongo miwili."

Mshonaji walimkuta kwenye korido, anatembea na kikapu cha nyuzi. Alikuwa mama mfupi aliyezungumza kama anayekata uzi, kwa vipande vifupi.

"Nani aliingia kunywa maji?"

"Hakuna."

"Una hakika, dada?"

"Nilipiga magoti, mgongo kwa mlango. Mlango ule ukifunguliwa unanipiga mgongoni. Haukunipiga."

"Malkia alitoka hata mara moja?"

"Atoke na mimi nimeshonwa naye? Angeniburuta."

Walipobaki wawili, Koplo alikuwa amechangamka. "Amedanganya, Shangazi. Mke amedanganya. Basi ni yeye."

"Na upindo?"

"Mshonaji anamficha."

"Angemficha angesema maji yalinywewa. Fikiri tena." Shangazi alitoa kwenye mkoba maelezo ya Waziri yaliyoandikwa jana, akamwonyesha kwa kidole. "Soma hapa."

Koplo alisoma. "'Nilisema maneno yangu yote mpaka mwisho, nikatoka mwezi wa jukwaani ulipokaribia dirisha. Watu mia tatu ni mashahidi wangu.'"

"Mume anasema dakika zote alikuwa jukwaani. Ana mashahidi mia tatu, hahitaji wa mia tatu na moja. Halafu mke anakuja kumtetea kwa dakika ambazo mume mwenyewe anasema hazikuwepo. Kwa nini?"

Koplo alifikiri. Ilionekana.

"Kwa sababu alisikia kitu," Shangazi alisema. "Akiwa juu ya kigoda, alisikia kitu kilichomwambia kwamba mumewe hayuko jukwaani. Twende kwa mwenye masikio."

*

Mwenye masikio alikuwa Mkumbushaji. Kazi yake ni kukaa ndani ya kibanda kidogo kilichochimbwa mbele ya jukwaa, kichwa tu ndicho kiko usawa wa mbao, watazamaji hawamwoni, na mwigizaji akisahau neno anamnong'oneza. Alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Mapajani alikuwa na daftari lililofungwa kwa jalada la nguo.

"Mimi peke yangu ndiye ninayeujua mchezo wote," alimwambia Shangazi, kabla hajaulizwa. "Wao kila mtu anajua maneno yake. Mimi najua ya wote. Na hakuna aliyewahi kulipa tiketi aje kunitazama."

"Ndiyo maana nimekuja bure. Unaandika nini humo?"

"Kila kitu. Nani amechelewa, nani amekohoa, nani amesimama nje ya alama yake ya chaki. Kila onyesho, kwa dakika."

"Nisomee jana. Waziri yuko peke yake."

Mkumbushaji alilikumbatia daftari. "Ya jukwaani hayatoki nje ya jukwaa, mama. Mwigizaji akiteleza, namfichia. Ndiyo kazi yangu. Nikianza kuwataja, kesho nani ataniamini?"

Shangazi alichutama pale kwenye ukingo wa kibanda, magoti yakalia. "Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini yule Popo wa kwenye kamba, saa sita nitamfunga pingu. Miaka thelathini na moja amewashikilia nyinyi wote kwa mbao na misumari, na wewe ndiye unayejua kilichotokea. Yeye utamfichia nini?"

Mzee alifungua daftari, akasoma kwa sauti isiyo na rangi, kama anayesoma orodha ya nguo za dobi.

"'Waziri, maneno marefu. Mistari kumi na miwili imerukwa. Jukwaa tupu, dakika mbili. Ngoma inajaza.' Halafu chini: 'Waziri nje ya alama, hatua tatu.'"

"Jukwaa tupu dakika mbili, na watu wasijue?"

"Walipenda. Jukwaa tupu, ngoma, mwezi unapanda. Walidhani ni ufundi."

Mwezi wenyewe alimwonyesha. Ulikuwa sahani ya bati yenye balbu nyuma, unavutwa na mota kwenye waya. Unaanza kupanda Waziri akifungua mdomo, na unachukua dakika sita kufika kwenye dirisha la kuchorwa. Hauharakishwi wala haucheleweshwi. Mzee anayeigiza Mfalme hakuwa anasubiri maneno ya mtu; macho yake yalikuwa kwenye mwezi. Mwezi ukigusa dirisha, anapanda.

"Kwa kawaida kati ya Waziri kutoka na mzee kupanda kuna muda gani?"

"Sekunde ishirini. Kidogo zaidi akikohoa."

"Jana dakika mbili. Na hiyo alama?"

"Waziri akitoka huku, anazunguka nyuma na kusimama chini ya roshani. Mfalme anainama juu ya ukingo, anauliza, 'Nani yuko huko chini?' Waziri anajibu, 'Rafiki yako.' Anatakiwa awe kwenye alama, chini ya ukingo hasa. Jana alisimama hatua tatu pembeni."

Koplo alitazama juu kwenye ukingo, kisha chini kwenye alama ya chaki, halafu yeye mwenyewe akasogea hatua tatu pembeni.

"Swali la mwisho," Shangazi alisema. "Alisahau?"

"Nani, Waziri?" Mzee alivua miwani. "Anayesahau hunitazama. Hata kabla hajajua amesahau, macho yanakuja yenyewe kwenye kibanda, kama mtoto anayemtafuta mama. Nimewaona wote. Jana Waziri hakunitazama hata mara moja."

Shangazi alisimama, akainyoosha sketi yake, akamgeukia Koplo. "Pini ya akiba iko mahali pake juu pale. Simama kule Waziri anakotokea. Nikisema 'haya', nenda nyuma, panda ngazi, itoe, shuka, uje kwenye alama."

"Mimi?"

"Popo akikimbia watasema amezoea. Wewe hakuna atakayesema hivyo."

Koplo alikwenda. Ngazi ilimlalamikia. Aliporudi kwenye alama na pini mkononi, akihema kama gari la zamani, saa ya Shangazi ilisema dakika moja na sekunde arobaini na nane.

"Na hapo," Popo alisema kutoka kwenye kamba yake, "ni pamoja na kupumzika katikati."

*

Saa tano na robo Waziri aliitwa. Aliingia kwa mlango wa watazamaji, akatembea katikati ya viti kama viti vimejaa. Mtu mrefu, shingo ndefu, mwenye kusogeza mkono taratibu ili uonekane. Malkia aliketi mstari wa pili. Mkumbushaji alikuwa kibandani, Popo kwenye kamba. Nyuma kabisa, karibu na mlango, walisimama mwenyekiti wa kamati na wenzake wawili, wamekuja kuhakikisha saa sita haicheleweshwi.

Shangazi alimpa Waziri kiti jukwaani, yeye akakaa kwenye ngazi.

"Umesema jana ulisema maneno yako yote mpaka mwisho."

"Ndivyo."

"Daftari linasema mistari kumi na miwili haikusemwa."

Waziri alikitazama kibanda kama mtu anayetazama kiatu kinachombana. "Mzee wa watu anachoka. Pengine alisinzia."

"Niliwahi kusinzia mara moja," Mkumbushaji alisema. "Wewe ulikuwa bado unaigiza miguu ya nyuma ya farasi."

Koplo alikohoa kwenye daftari lake.

"Sikuja kukuaibisha, mwanangu," Shangazi alisema. "Mambo haya yapo. Umri unasogea. Juzi niliingia jikoni kwangu nikasimama, sijui nimefuata nini, nikarudi kukaa. Basi nitaandika hivi: Waziri alisahau mistari kumi na miwili, akachanganyikiwa, akatoka mapema, akasimama nyuma ya pazia anahangaika kuikumbuka. Hata hiyo alama aliikosea kwa kuchanganyikiwa. Jana aliona haya kusema, leo amesema. Yameisha. Unakwenda nyumbani, mimi namchukua fundi."

Koplo alifungua mdomo, akakumbuka ni Shangazi anayesema, akaufunga. Popo aliishika kamba kwa mikono miwili.

Mlango ulikuwa wazi. Ilitosha Waziri akubali kwa kichwa tu.

"Kubali," Malkia alisema kutoka mstari wa pili, taratibu. "Sema ulisahau."

Waziri aligeuka. "Unasemaje?"

"Sema ulisahau. Kila mtu husahau."

"Mimi sisahau."

"Hata mimi nimewahi kusahau."

"Wewe, ndiyo."

Malkia aliinamisha macho. Shangazi alianza kuandika, akitamka kila neno kwa sauti kama mwalimu wa darasa la kwanza. "'Waziri... alisahau... mistari...'"

"Usiandike hivyo."

"Niandikeje?"

"Miaka ishirini na mbili niko kwenye mbao hizi. Nimesimama hapa na homa, jasho linanitiririka mpaka kwenye viatu, nikasema yote. Siku niliyomzika baba yangu, jioni nilisimama hapa, nikasema yote. Sijawahi kuangusha hata neno. Uliza mtu yeyote."

"Nimeuliza. Wanasema umeangusha mistari kumi na miwili. Kwa mpigo mmoja. Na sasa nitaandika, na mwenyekiti pale nyuma atasoma, na mwaka ujao watakupa maneno mafupi. Mlinzi wa mlango, labda. 'Karibu bwana.' Hayo hayasahauliki."

"Sikuangusha. Niliiacha."

"Uliiacha?"

"Kwa hiari yangu. Niliamua."

"Huwezi kuacha kitu usichokuwa nacho, mwanangu. Mtu akisahau, wote husema hivyo baadaye."

Waziri alisimama. Hakumtazama Shangazi tena. Alitazama viti vitupu, mbali, pale ambapo watu mia tatu hukaa, akaanza. Sauti ilijaa ukumbi bila kupanda. Ilikuwa ile sehemu ambayo Waziri wa mchezo, kabla hajaua, anausihi mkono wake mwenyewe ukatae kumtii.

"Mkono wangu, tumekula sahani moja tangu utotoni;
leo ukinitii, kesho utanilisha nini?"

Alisema yote kumi na miwili. Hakuharakisha wala kukwama. Mshonaji alitokeza kwenye pazia na uzi mdomoni, akasimama kusikiliza. Hata mwenyekiti wa kamati alivua kofia. Alipomaliza, Waziri aliinua kidevu na kubaki hivyo, kama anayengoja haki yake.

"Hakuna kilichopungua," Mkumbushaji alisema, akafunga daftari.

"Hongera," Shangazi alisema, na alimaanisha. "Koplo, andika. Hakusahau. Aliiacha kwa kuamua, akajipatia dakika mbili. Na jana aliandikisha uongo kwamba aliisema." Akamgeukia. "Sasa nieleze. Mistari mizuri hivi, unaiweza hivi. Uliiacha uende wapi?"

Mkono wa Waziri, uliokuwa bado hewani, ulishuka. Kwa mara ya kwanza tangu aingie alikitazama kibanda. Mkumbushaji alimtazama pia, na hakunong'ona kitu.

Malkia ndiye aliyesimama. Alitembea mpaka jukwaani, akatoa kitu kwenye mfuko wa gauni lake, akakilaza kwenye mbao mbele ya Shangazi. Pini ya chuma, nene kama kidole gumba.

"Ilikuwa ndani ya kiatu chake cha jukwaani," alisema. "Vazi la Waziri halina mfuko. Alirudi na viatu hivyo miguuni. Alichechemea mpaka nyumbani, nikadhani ni majonzi."

"Viatu hatukukagua," Koplo alisema, akiviangalia vyake.

"Asubuhi ulinitetea," Waziri alimwambia mkewe.

"Jana nilikuwa juu ya kigoda, nikasikia ngoma inapigwa, inapigwa, haina mtu wa kuongea juu yake. Naujua mchezo huu kama najua nyumba yangu. Nikasema moyoni, hayuko. Leo asubuhi nikakupa maji ambayo hukuja kunywa. Hiyo ilikuwa kabla sijarudi nyumbani, nikakukuta bado umelala, nikakuvua viatu."

"Kwa nini atake kumuua mzee?" Shangazi aliuliza. "Mzee alimfanya nini?"

"Mzee ndiye kiongozi wa kikundi. Alitaka kupumzika. Jumapili angemtangaza wa kumrithi, na kila mtu alijua ni nani." Malkia alimwonyesha mumewe kwa kichwa. "Siku nne zilizopita mzee aliniita akaniambia ni mimi. Nikaenda kumwambia mume wangu. Ningeweza kumwambia vizuri. Nilimwambia kama mtu anayerudisha kofi. Kila jioni, mbele ya watu, namsukuma huyu mtu aue, na kila jioni nalazimika kumbembeleza. Nyumbani sikumsukuma hata kidogo. Nilimwambia tu kwamba nimepewa mimi."

"Ungekataa," Waziri alisema.

"Kwa nini nikatae? Nastahili."

Alisema hivyo mgongo umenyooka, machozi yanashuka, na hakuyafuta. Waziri alimtazama muda mrefu. Kisha alimnyooshea Koplo mikono yote miwili pamoja, viganja juu, vizuri sana, na Koplo, aliyekuwa amefunga watu wengi katika maisha yake, alisema "samahani" kabla ya kufunga pingu.

"Andika pia," Waziri alimwambia Shangazi, "kwamba mpaka jana nilikuwa sijaruka hata mstari mmoja."

"Nitaandika."

Walipokwisha kutoka, Shangazi alipiga simu kituoni. Alizungumza kidogo, akasikiliza sana, akasema "ndiyo mkuu" mara tatu na "hapana mkuu" mara moja, ile moja ikachukua nafasi kubwa kuliko zile tatu. Kisha aliketi kwenye kiti alichokiacha Waziri, akaandika ukurasa mzima, akautia sahihi.

Popo alikuwa bado kwenye kamba. Hakuwa amesogea.

"Nenda nyumbani ukale," Shangazi alimwambia. "Uko huru."

"Umeandika nini?"

"Nimeandika ukweli."

"Nisomee."

Alimsomea, pale pale alipoketi, kwa sauti ya mtu mmoja kwa mtu mmoja. Kwamba pini ilitolewa kwa mkono wa mtu. Kwamba ngazi, mbao na ukingo vilikaguliwa na kukutwa imara. Kwamba fundi wa jukwaa hana kosa lolote, na kwamba kazi yake ni safi.

Popo alisikiliza kichwa kimeinama. Kule nyuma mwenyekiti na wenzake walikuwa wameanza kusogea mlangoni kidogo kidogo, kama watu waliokumbuka kwamba wana shughuli.

"Sauti yako ndogo, Shangazi," Popo alisema. "Wa nyuma hawajasikia."

Shangazi aliwatazama wale watu wa mlangoni. Akainuka. Alikuwa hajawahi kupanda jukwaani tangu azaliwe, hata shuleni walimwacha kwenye viti. Alisogea mpaka katikati ya mbao, Popo akamwashia taa. Alivuta pumzi, akaishika karatasi kwa mikono miwili, na mwenyekiti akasimama alipokuwa, mkono kwenye kitasa, akasomewa upya tangu neno la kwanza.